AL-BIRUNI: MWANACHUONI ALIYEPIMA JUA LIKIPATWA



Ndugu msomaji, kila mwaka ikifika jioni ya tarehe 29 Shaaban, macho yetu hapa Kiriaini huelekea magharibi, juu ya milima ya Nyandarua, kuutafuta mwezi. Mara nyingi hatuoni kitu. Ukungu umeshuka, kilima kimekinga, na sisi twarudi ndani kungoja habari za redio na simu kutoka Mombasa, Lamu au Garissa. Lakini ni wachache wanaojiuliza: huo mwezi uko wapi kabla haujaonekana?

Uko karibu na jua. Upande wake wenye mwanga umelitazama jua, na sisi tumebakishiwa mgongo wa giza. Miezi mingi hupita juu kidogo au chini kidogo ya jua na hakuna anayejua. Lakini mara mojamoja hupita sawasawa mbele yake na kulifunika. Hapo ndipo jua hupatwa. Ndiyo sababu jua halipatwi tarehe 10 wala tarehe 15 ya mwezi wa Kiislamu. Hupatwa mwisho wa mwezi, siku mwezi unapokufa ili uandame upya.

Hebu tazama mifano ya hapa Kenya. Tarehe 30 Juni 1973, jua lilipatwa kikamilifu kule Ziwa Turkana, wakati ule likiitwa Ziwa Rudolf. Ilikuwa mwisho wa Jumadal Ula 1393. Tarehe 16 Februari 1980 ikawa zamu ya upande wa Taita na Voi. Hiyo nayo ilikuwa mwisho wa Rabiul Awwal 1400. Halafu Jumapili tarehe 3 Novemba 2013, kivuli cha mwezi kikapita tena Turkana, mwisho wa Dhulhijja 1434. Jioni hiyo sisi wa miji ya Mlima Kenya, kuanzia Murang'a, Kiriaini na Othaya mpaka Nyeri na Nanyuki, tulipata fungu letu: jua halikufunikwa lote, lakini sehemu yake kubwa ilifichwa kabla halijatua.

Katika toleo hili la Ramadhan tumeonelea tuwaletee maisha ya mtu ambaye miaka elfu moja iliyopita alilishughulikia jambo hili kwa akili yake, kwa subira yake, na hata kwa macho yake mwenyewe. Naye ni Abu Rayhan Muhammad bin Ahmad al-Biruni, Mwenyezi Mungu amrehemu.

KWANZA, NI KITU GANI HASA HUONEKANA?

Kabla hatujamfuata Sheikh wetu, ni vizuri vijana waelewe ukubwa wa jambo lenyewe, maana wengi wetu tumeona nusu tu.

Jua likianza kupatwa, hubeguka kipande kidogo ukingoni, kama chapati iliyoumwa kando. Kwa zaidi ya saa nzima kipande hicho huendelea kukua. Mtu anayelima shambani anaweza asitambue lolote, maana hata kipande kidogo cha jua kina mwanga mwingi ajabu. Lakini linapobaki jembamba kama hilali, mwanga hubadilika. Rangi ya majani hupauka, vivuli huwa vikali kama vimekatwa kwa wembe, na ubaridi huingia. Ukitazama chini ya mti utaona jambo la ajabu: vile viduara vya mwanga vinavyopenya kati ya majani, vyote vimegeuka hilali ndogondogo, mamia kwa mamia, zimetapakaa ardhini.

Kama uko pale ambapo jua linapatwa kikamilifu, dakika za mwisho huenda mbio. Kutoka upande wa magharibi giza huja kwa kasi kama mvua inayovuka bonde. Ukingo wa jua hukatika vipande, hubaki shanga za nuru zinazopenya kwenye mabonde ya mwezi. Kisha hubaki nukta moja inayong'aa juu ya duara, kama jiwe la thamani kwenye pete. Nukta hiyo ikizimika, mahali pa jua pana duara jeusi tititi, na kulizunguka kuna taji jeupe lililotandaza nyuzi zake pande zote. Taji hilo liko siku zote, lakini mwanga wa jua hulificha. Sayari na nyota zenye mwanga mkali huonekana mchana. Ndege hurudi viotani. Na ukitazama upeoni kote, kuna wekundu kama wa Magharibi, lakini si upande mmoja: pande zote nne, kana kwamba jua limetua kila mahali kwa pamoja.

Baada ya sekunde au dakika chache, nukta ya nuru huchomoza upande wa pili na mchana hurudi. Mahali popote duniani, hata pale panapodumu sana, haifiki dakika nane.

Subhanallah! Jua ni pana kuliko mwezi mara 400 hivi, na vilevile liko mbali kuliko mwezi mara 400 hivi. Kwa hivyo yakitazamwa kutoka ardhini, yanalingana. Lau mwezi ungekuwa mdogo kidogo tu au mbali kidogo zaidi, mandhari haya yasingekuwapo. Sasa tumrudie al-Biruni.

KIJANA WA NJE YA MJI

Al-Biruni alizaliwa mwezi wa Dhulhijja mwaka 362 Hijria, sawa na Septemba 973, karibu na mji wa Kath katika nchi ya Khwarizm. Siku hizi pahali hapo ni Uzbekistan, kusini ya Bahari ya Aral. Jina Biruni latokana na neno la Kifursi lenye maana ya nje, kwa sababu alikuwa mtu wa viungani, si wa mjini. Kwa lugha yetu ya leo tungesema ni kijana wa mashambani.

Alipata bahati ya mwalimu mwema, Abu Nasr Mansur, mwana wa ukoo wa watawala aliyebobea katika hesabu. Akiwa na miaka 17 tu, umri wa kijana wa kidato cha tatu au cha nne, al-Biruni alipima urefu wa jua angani saa ya Adhuhuri na kwa kipimo hicho akajua mji wa Kath uko umbali gani kutoka ikweta.

Hamu ya kijana haina breki. Jua likipatwa, yeye alilikodolea macho. Hakukuwa na miwani maalumu wakati ule, wala daktari wa macho wa kumwonya. Matokeo yake aliyaeleza mwenyewe baadaye ukubwani: kutazama jua likipatwa enzi za ujana wake kulimdhoofisha macho. Akawausia wanaokuja nyuma yake kwamba jicho haliwezi kustahimili miale ya jua, kwamba mwenye kuendelea kulitazama huona kiwi na kupata madhara, na kwamba ni afadhali kutazama sura yake ndani ya maji.

Tafakari, ndugu msomaji. Mtu ambaye kazi yake yote yategemea macho, kazi ya kusoma, kuandika na kutazama nyota, ameyaumiza macho hayo akiwa bado mbichi. Angeweza kuficha. Angeweza kujifanya shujaa. Yeye akaona elimu haijakamilika mpaka aeleze na gharama yake, ili mwengine asilipe mara ya pili.

MIJI MIWILI, KUPATWA KUMOJA

Mwaka 995 vita vikazuka Khwarizm. Ukoo uliokuwa ukimlea ulipinduliwa, na al-Biruni, akiwa na miaka 22 tu, akalazimika kujificha na kukimbia, vipimo alivyokuwa ameanza vikakatika. Miaka iliyofuata alikuwa mtu wa kuhamahama, mara nyingine katika umaskini.

Hata hivyo mwaka 997 twamkuta tena Kath. Tarehe 24 Mei mwaka huo mwezi ulipatwa. Kabla ya hapo al-Biruni alikuwa ameshaandikiana na mwanachuoni mkubwa wa hesabu aliyekuwa Baghdad, Abu al-Wafa al-Buzjani. Wakapatana: wewe utazame huko, mimi nitazame huku, kisha tulinganishe saa.

Kwa nini? Kwa sababu mwezi ukipatwa, hupatwa kwa wakati mmoja kwa kila anayeuona. Lakini saa za miji hazilingani. Kulipokuwa usiku fulani Baghdad, Kath usiku ulikuwa umekwenda zaidi. Walipolinganisha, tofauti ilikuwa kama saa moja, na kutokana na tofauti hiyo wakajua Kath iko mashariki ya Baghdad kwa kiasi gani. Watu wawili, hawakuwa na simu wala intaneti, wametenganishwa na majangwa, wameitumia anga kama saa ya ukutani ya pamoja!

Baadaye alikaribishwa Gurgan, kusini mashariki ya Bahari ya Kaspi, na Amiri Qabus. Huko, karibu mwaka 1000, akatunga kitabu kikubwa cha tarehe na kalenda za mataifa: Waarabu, Wafursi, Wayahudi, Wakristo na wengineo. Huko huko Gurgan mwaka 1003 alitazama kupatwa kwa mwezi mara mbili, Februari na Agosti. Halafu akarudi kwao Khwarizm na kutumikia watawala wapya.

UBAO NA UZI

Mwaka 1017 Sultan Mahmud wa Ghazna aliivamia Khwarizm na kuitwaa. Wanachuoni wakachukuliwa pamoja na ngawira nyingine, na al-Biruni alikuwa mmoja wao. Alikuwa na miaka 44. Akapelekwa Ghazna, katika nchi tuiitayo leo Afghanistan, na maisha yake yote yaliyobaki yakawa chini ya masultani wa huko.

Kuna kisa cha Oktoba 1018 ambacho kila kijana anayelalamika kwamba shule yake haina maabara afaa akisikie. Al-Biruni alikuwa katika kijiji cha Jayfur karibu na Kabul, katika dhiki kubwa ya moyo. Alitaka kupima mahali alipo, lakini hakuwa na chombo hata kimoja. Basi akachukua ubao wa kufanyia hesabu, nyuma yake akachora tao lenye vigawanyo vya digrii, akaning'iniza uzi wenye uzito, na kwa kitu hicho akapima jua. Ubao na uzi tu! Hakungoja Sultan amnunulie ala za shaba.

BONDE LA LAMGHAN, 1019

Miezi sita baadaye, tarehe 8 Aprili 1019, jua lilikuwa lipatwe asubuhi. Al-Biruni alikuwa Lamghan, bonde lililozungukwa na milima upande wa Kabul. Mtu wa Kiriaini hahitaji kuelezwa maana ya bonde la namna hiyo. Kwetu pia mwenye nyumba chini ya mgongo wa kilima hupata jua baadaye kuliko jirani yake wa juu.

Jua lilipochomoza lilikuwa tayari limebeguka, karibu thuluthi yake imefunikwa, na kupatwa kulikuwa kunaelekea kwisha. Mwanzo wote ulikuwa umepita nyuma ya upeo. Akaandika alichokiona, kama alivyokiona. Hakuongeza chumvi kwa kusema mchana uligeuka usiku, wala hakujaza kwa ubuni kile ambacho milima ilimficha. Septemba ya mwaka huohuo mwezi ukapatwa, naye akiwa Ghazna alipima urefu wa nyota mashuhuri angani ili kujua saa hasa ya kuanza kwake. Vipimo kama hivyo vya wanachuoni wa Kiislamu havikuoza maktabani. Wataalamu wa zama zetu wamevitumia kuchunguza jinsi mzunguko wa dunia ulivyopungua kasi katika karne nyingi.

JE, NI GIZA LOTE AU NI PETE?

Katika kitabu chake kikubwa cha falaki, al-Qanun al-Mas'udi, al-Biruni alihifadhi habari moja muhimu. Mwanachuoni aliyemtangulia, Abu al-Abbas al-Iranshahri, alikuwa Nishapur tarehe 28 Julai 873 jua lilipopatwa. Mwezi uliingia katikati ya jua lakini haukulifunika lote: nuru ikabaki imeuzunguka kama pete.

Jambo hili laonekana dogo, lakini lilikuwa na uzito. Mgiriki Batlamyus, ambaye vitabu vyake vilikuwa rejea ya kila mtu, alikuwa amehesabu kwamba mwezi hata ukiwa mbali kabisa huonekana sawa na jua. Kwa hesabu hiyo pete haiwezekani. Kumbe jicho la mtu wa Nishapur limeona pete! Al-Biruni hakuona aibu kuiweka wazi habari inayomkosoa bingwa wa miaka mia saba. Mwezi huwa karibu nasi nyakati fulani na mbali nyakati nyingine. Ukiwa karibu hulifunika jua lote. Ukiwa mbali huacha pete.

Na sisi tumeishi kuona uthibitisho. Kupatwa kwa 3 Novemba 2013 kulianza kule Bahari ya Atlantiki kama pete, kisha kwa sababu ya mviringo wa dunia kukageuka kuwa kamili kulipokuwa kunakuja Afrika, kupitia Gabon, Kongo na Uganda hadi Turkana. Turkana giza kamili lilikuwa la sekunde chache tu, na waliosafiri mpaka ufukoni mwa ziwa kulitazama walikumbwa na dhoruba ya mchanga dakika za mwisho. Safari ya siku nyingi, na pazia likafungwa! Al-Biruni wa Lamghan angewaelewa sana.

MBELE YA SULTANI

Usidhani kazi hii ilikuwa salama. Wanahistoria wasimulia kwamba siku moja mjumbe kutoka nchi za Waturuki wa kaskazini alimwambia Sultan Mahmud kuwa huko mbali kuna mahali jua halitui kwa siku nyingi. Sultan akakasirika, akaona huo ni uzushi na kejeli kwa dini, maana watu wa huko wataswali vipi? Mjumbe akawa hatarini. Al-Biruni ndiye aliyesimama na kueleza kwa utaratibu jinsi dunia ilivyo mviringo na jinsi jua linavyozunguka upeoni kule kaskazini bila kuzama. Ukweli ulimwokoa mtu.

Alifuatana na misafara ya Sultan hadi India, lakini wenzake walipokuwa wakitafuta dhahabu yeye alijifunza Kisanskriti na kukaa na wanachuoni wa Kihindu, kisha karibu mwaka 1030 akaandika kitabu juu ya nchi hiyo ambacho mpaka leo chasifiwa kwa uadilifu wake. Kwenye ngome ya Nandana, iliyoko Pakistan siku hizi, alipanda mlima, akapima upeo unavyoinama, na kutokana na hapo akahesabu ukubwa wa dunia. Hesabu yake haikuwa mbali na ile ya leo ya kilomita 6,371 kutoka kitovuni hadi juu ya ardhi.

Dada zetu nao wasijione wamesahauliwa. Mwaka 1029 alitunga kitabu cha kuelimisha misingi ya hesabu na falaki kwa njia ya maswali na majibu, na alimtungia binti mmoja wa Khwarizm, Rayhana bint al-Hasan, aliyemwomba amfunze. Kitabu cha sayansi, kwa ombi la msichana, miaka elfu iliyopita!

Mwaka 1025 alikamilisha kitabu cha kutafuta kibla cha Ghazna kwa hesabu. Sisi wa Kiriaini kibla chetu ni kaskazini, tukipinda kidogo tu kuelekea mashariki, na twakipata kwa kubonyeza simu. Tukumbuke kuna watu waliokesha ili hesabu hiyo ipatikane. Inasimuliwa pia kwamba Sultan Mas'ud, aliyetawala baada ya Mahmud, alipopokea kitabu cha al-Qanun alimpelekea al-Biruni mzigo wa tembo wa fedha, na mzee akaurudisha kwa kuwa hakuuhitaji.

SWALI LA MWISHO

Alipofikisha miaka 63 alihesabu vitabu alivyotunga, vikawa 113, na baada ya hapo aliendelea. Wengi wataja kuwa alifariki Ghazna mwaka 1048. Wasimulizi wa maisha yake waeleza kwamba akiwa anakata roho, rafiki yake mwanafiqhi alikuja kumjulia hali. Al-Biruni akamuuliza tafsiri ya mas'ala fulani ya mirathi waliyokuwa wakiyazungumza zamani. Rafiki akamhurumia, akaona huu si wakati wake. Lakini mgonjwa akaona ni heri aiage dunia akilijua jambo lile kuliko kuiaga hali halijui. Wakalizungumza, rafiki akatoka, na kabla hajafika mbali akasikia kilio kutoka nyumbani.

Mwaka 1970 wataalamu wa falaki duniani walilipa jina lake moja ya mashimo makubwa ya duara yaliyo upande wa mbali wa mwezi. Jina la kijana wa nje ya mji liko nje ya dunia sasa!

TUNAJIFUNZA NINI?

Ndugu zangu, tunajua kisa cha Mtume wetu (S.A.W.). Mwanawe Ibrahim, aliyezaliwa na Bi Maria, alifariki akiwa hajafikisha miaka miwili. Siku hiyo jua likapatwa. Wanahistoria wengi huitaja tarehe 27 Januari 632. Watu wakaanza kunong'ona kwamba jua limehuzunika kwa ajili ya mtoto wa Mtume. Mtu mwenye tamaa ya sifa angenyamaza uvumi uenee. Yeye, pamoja na uchungu wa kufiwa, akawakanusha papo hapo: jua na mwezi ni ishara mbili za Mwenyezi Mungu, hazipatwi kwa kufa wala kwa kuzaliwa kwa mtu yeyote. Akaswalisha na kuwahimiza watu kuomba dua na kutoa sadaka. Mpaka leo twaswali Swala ya Kusuf, rakaa mbili, na kila rakaa ina rukuu mbili.

Al-Biruni alitembea ndani ya mlango huo uliofunguliwa. Kama jua halipatwi kwa ajili ya mfalme wala maiti, basi lina utaratibu, na utaratibu wapimika. Kuhesabu hakukumpunguzia mshangao wake. Ati mwenye kujua saa ya jua kupatwa hana haja ya kuswali? La hasha! Anajua saa ya kutia udhu.

Na mlango mwengine uko njiani. Jumatatu tarehe 2 Agosti 2027, mwisho wa Safar 1449, insha Allah jua litapatwa kikamilifu kuanzia Hispania na Morocco, kupitia Misri, hadi Saudi Arabia, Yemen na ncha ya kaskazini ya Somalia. Makka yenyewe itaingia kizani mchana kwa dakika kama tano. Hapa kwetu, mchana huohuo, litafunikwa sehemu tu, kama ukungu wa Agosti utaturuhusu kuona.

Basi usia wa Sheikh tuuchukue kwa uzito wake. Taji la jua huangaliwa kwa macho matupu wakati wa giza kamili peke yake, na giza kamili halitafika Kiriaini. Kwa hivyo kwetu hakuna hata sekunde moja ya kulitazama jua hivi hivi. Miwani ya kawaida ya jua haifai. Filamu ya eksirei haifai, kioo kilichopakwa masizi hakifai. Hata maji aliyoyasifu al-Biruni, ingawa ni afadhali kuliko jua lenyewe, madaktari wa leo hawayapendekezi, maana mwanga wake bado ni mkali. Na jicho la ndani halina hisia ya maumivu: mtoto huungua asijue, mpaka kesho yake aone doa jeusi katikati ya kila anachokitazama.

Njia ya salama ni miwani maalumu iliyothibitishwa kwa kazi hiyo, au njia ya bure kabisa: toboa tundu dogo kwenye karatasi ngumu, lipe jua mgongo, na uache mwanga upite tunduni uangukie karatasi nyingine. Utaona hilali ndogo ya jua. Ibn al-Haytham, aliyeishi zama zile zile za al-Biruni, aliandika kitabu kizima kueleza kwa nini sura hiyo hutokea. Au simama chini ya mparachichi wenye majani mengi na utazame ardhini. Wakusanye watoto wa madrasa, waonyeshe, kisha mwingie msikitini.

Ramadhan hii tunapoutafuta mwezi wa kufungua, tukumbuke ni mwezi uleule. Tumwombe Mwenyezi Mungu (S.W.) amrehemu Abu Rayhan, atuhifadhie macho yetu na ya watoto wetu, na atujaalie kuwa miongoni mwa wanaozitafakari ishara zake kwa elimu na unyenyekevu. Atutakabalie swaumu zetu, amin.

Wabillahi tawfiq.